Mwiko wa mbao au wa silikoni? Anza na sufuria yako

Binti wa dada yangu amepanga chumba na sebule Uyole, jijini Mbeya. Siku aliyokwenda kununua vyombo alinipigia simu akiwa katikati ya soko la Mwanjelwa. "Shikamoo mama mdogo. Niko kwa muuza vyombo hapa, kuna miko ya mbao na hii ya silikoni ya rangirangi. Nichukue ipi?" Nikaitikia, kisha nikamwambia asitoe hela kwanza, anijibu maswali mawili: utapikia sufuria gani, na moto gani? Akanyamaza. Simlaumu. Dukani mwiko unaning'inia peke yake, mbali na sufuria na mbali na jiko, na macho yanavutwa na rangi.

Jioni alikuja nyumbani tukazungumza hadi usiku. Haya ndiyo tuliyozungumza, nimeyapanga hatua kwa hatua kwa ajili ya yeyote anayeanza maisha au anayebadilisha vyombo huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Huku kuna baridi na mvua ndefu, na ugali unapikwa karibu kila siku, kwa hiyo si kila ushauri wa jikoni unaotoka kwingine unatufaa.

Hatua ya 1: Toa sufuria zote uzipange sakafuni

Zitazame moja moja kabla hujafikiria mwiko. Utakuta za aina tatu.

Sufuria za kawaida za alumini, ambazo ndizo nyingi, hazina masharti magumu. Mbao inazifaa, silikoni inazifaa. Kijiko cha chuma ndicho kinachozikwangua hadi chakula kinapata ile rangi ya kijivu ambayo wengi tunaijua kwenye uji mweupe, basi kiache kwa kupakulia tu.

Vikaangio visivyogandisha, vile tunavyoviita nonstiki, ni habari nyingine. Utando wake ni mwembamba mno. Chuma kikigusa mara chache tu, unaona mistari, na baada ya mistari utando unabanduka na yai linaanza kushika. Hapa silikoni ndiyo rafiki wa kweli. Mbao laini iliyopigwa msasa vizuri nayo inafaa, ila mwiko uliochongwa haraka haraka, wenye kingo kali au chembe za mchanga zilizoingia kwenye ufa, unachubua kama chuma. Na kwa kuwa tumeshakigusa: usiweke kikaangio hicho motoni kikiwa kitupu ukaenda kukata vitunguu. Utando wa aina ya Teflon huanza kuharibika ukipita nyuzi joto 260 hivi, na kikaangio kitupu juu ya gesi kinafika huko upesi kuliko unavyodhani.

Tatu ni vyungu. Kama una chungu cha Wakisi, vile vinavyofinyangwa Ikombe na kuuzwa Matema kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, tumia mbao. Chuma kinamegua ukingo. Silikoni haikiumizi chungu, lakini ni legelege, haifiki chini kuyainua maharage mazito, na maharage yasiyoinuliwa chini yanaungua.

Ukishamaliza kuzipanga, hesabu. Mpwa wangu alikuwa na sufuria nne za alumini na kikaangio kimoja cha nonstiki. Nusu ya jibu ilikuwa tayari pale sakafuni.

Hatua ya 2: Utazame moto

Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na mijini mitungi ya gesi imeingia nyumba nyingi. Hata hivyo jiko la mkaa halijatoka barazani, na shughuli za watu wengi bado ni kuni na mafiga.

Silikoni nzuri ya jikoni huvumilia kati ya nyuzi joto 200 na 260 hivi, kutegemea ilivyotengenezwa, na kiwango hicho kinatakiwa kiandikwe kwenye pakiti. Mafuta ya kukaangia maandazi yako kwenye 170 hadi 190. Kwa hiyo ndani ya sufuria silikoni iko salama. Hatari iko nje ya sufuria. Makaa mekundu yanapita nyuzi 600, na ule moto wa gesi unaopanda ubavuni mwa sufuria ndogo ni mkali zaidi ya hapo. Ukilaza mwiko wa silikoni mdomoni mwa sufuria, mpini ukining'inia juu ya moto, unaungua. Wa mbao nao utaungua, lakini mbao inatoa moshi mapema, unausikia puani, unawahi, unakwangua sehemu nyeusi na kuendelea kuutumia. Silikoni iliyoungua hairudi.

Kwa anayepikia kuni au mkaa tu, ningesema anunue mbao kwa kila kitu, hela ya silikoni anunulie kitu kingine.

Hatua ya 3: Kijue chakula, na hapa ugali ndio hakimu

Niliwahi kujaribu kusonga ugali kwa mwiko wa silikoni, nikitaka kujua kwa mkono wangu. Uji ulipochemka nikamwaga unga wa dona, nikaanza kuzungusha. Mwanzoni ukawa unakwenda. Ugali ulipoanza kushikana, kichwa cha mwiko kikajikunja nyuma kama ulimi. Nikibonyeza ubavuni mwa sufuria, chenyewe kinateleza juu ya ugali badala ya kuukata na kuugeuza. Unga mkavu ukabaki katikati, nikapata madonge, na mkono ukachoka kabla ugali haujaiva. Nikachukua mwiko wangu wa mninga, nikaweka mguu sawa, nikabana sufuria kwa kitambaa, na ndani ya dakika mbili ugali ukawa umekaa.

Kusonga ugali ni kusukuma, kukandamiza na kugeuza kitu kizito dhidi ya ukuta wa sufuria. Kunahitaji chombo kisichopinda, chenye ubapa mpana na mpini unaojaa mkononi. Ipo miko ya silikoni yenye chuma au nailoni ngumu ndani, na hiyo haipindi sana, ila kiungo cha kichwa na mpini kikipata nguvu ya ugali kila siku kinalegea. Kwa ugali ni mbao, sina jibu lingine.

Makande na maharage yanataka mbao pia, kwa sababu ya muda. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100. Ndiyo maana maharage yale yale yaliyoiva haraka kwa ndugu zako wa Dar es Salaam yanakusumbua huku. Chombo kinachoingia na kutoka sufuriani kwa saa mbili au tatu, kikigonga chini kila mara, kiwe kigumu.

Silikoni inashinda wapi? Mayai kwenye nonstiki. Uji wa mtoto, pale unapotaka kukwangua bakuli lote kisibaki kitu. Unga wa keki. Mchuzi wa karanga unaoganda pembeni mwa sufuria, maana ule ukingo laini unaufuata mviringo wa sufuria na kuupangusa safi. Brashi ya silikoni ya kupaka mafuta kwenye chapati nayo naipenda sana, haimwagi nywele kama ile ya manyoya. Kwa wali wa Kyela chochote kinafaa, mradi usiuvuruge.

Hatua ya 4: Kuchagua mbao

Sisi tunaishi katikati ya miti. Sao Hill kule Mufindi ndilo shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini, na barabara ya Mafinga hadi Makambako malori ya mbao hayakatiki. Hilo linatudanganya tuone kila mbao ni ya mwiko.

Mbao za paini, ambazo ndizo nyingi, hazifai sana kwa kupikia. Ni laini, zinanywa maji, na zina utomvu unaonuka ukipata joto. Mkaratusi ni mgumu, lakini unapasuka ovyo unapokauka, na mwiko wenye ufa ni mfuko wa uchafu.

Inayofaa ni mbao nzito, iliyoshikana, yenye vitundu vidogo. Mninga ni mzuri sana kwa sababu haubadiliki umbo ukikauka. Usishtuke mwiko mpya wa mninga ukitoa maji mekundu mara ya kwanza, huo ni utomvu wake, utaisha baada ya kuuosha mara kadhaa. Mpera ni mgumu na laini kwa mkono. Michungwa na milimau pia. Na kwa watu wa Mbozi na Rungwe, shina la mbuni mzee ulioukata shambani si kuni tu. Mbao yake ni ngumu na nyeupe, na ingawa haina upana wa kutoa mwiko wa ugali, inatoa vijiko vizuri vya kukorogea.

Ukiwa na mwiko mkononi dukani, fanya hivi. Upeleke puani: mbao nzuri inanuka mbao, au hainuki kabisa, ukisikia rangi, vanishi au dawa, rudisha. Tazama mistari ya mbao kwenye mpini: iwe inakwenda kwa urefu, kutoka mkononi hadi kwenye ubapa. Ikikata mshazari, mpini utavunjika siku ya ugali wa wageni. Hakikisha ni kipande kimoja, haujaungwa kwa gundi. Pitisha kidole gumba kwenye ukingo wote polepole, kisikwame mahali. Halafu ugonge kwenye meza. Mkavu unalia kwa sauti kavu, mbichi unatoa sauti nzito iliyofifia, na mbichi ukifika nyumbani utapasuka.

Na hili nalisema kwa uzito kuliko yote. Usinunue wala usichonge mwiko kutoka kwenye mbao iliyotiwa dawa. Huku kwetu nguzo za umeme, nguzo za uzio na mbao za kupaulia zinapigwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, na vipande vinavyobaki vinazagaa kila mahali. Dawa iliyozoeleka kwenye nguzo hizo ina shaba, kromiamu na arseniki. Arseniki ni sumu. Mbao hiyo ina rangi ya ukijani, wakati mwingine imefifia, ndiyo sababu mtu anaweza kuichukulia kama mbao ya kawaida iliyopigwa na jua. Muulize fundi moja kwa moja. Mzee seremala ninayenunua kwake, nilipomuuliza mara ya kwanza, hakukasirika. Alichukua kipande kutoka kwenye rundo lake, akakikata kwa msumeno mbele yangu, akanionyesha ndani. "Tazama, mwanangu. Yenye dawa ina mkanda wa kijani kuzunguka. Hii ni safi hadi moyoni." Fundi anayekubali kukukatia kipande ndiye wa kumrudia.

Hatua ya 5: Kuijua silikoni ya kweli

Nilishawahi kununua kijiko laini chekundu, nikaambiwa ni silikoni. Kilipinda, kikarudi, nikaridhika. Jumapili asubuhi nikakiingiza kwenye mafuta ya maandazi kugeuza, na nilipokitoa ncha ilikuwa imekuwa nyembamba, inavuta nyuzi kama ubuyu uliopikwa. Lita nzima ya mafuta niliimwaga, na maandazi yote yaliyokuwa ndani nikatupa, watoto wakitazama. Kile hakikuwa silikoni, kilikuwa plastiki ya mpira.

Kwa hiyo kukunja peke yake hakutoshi, maana plastiki laini nayo inakunjika. Anza na pakiti: iwe na neno silikoni na kiwango cha joto kwa namba. Kisicho na namba kiache. Kinuse, silikoni nzuri haina harufu ya kuudhi. Bana sehemu bapa uivute na kuizungusha kwa nguvu. Ikitokea weupe pale ulipobana, ni dalili kwamba imechanganywa na vijazio, ingawa rangi nzito inaweza kuuficha weupe huo.

Ukifika nyumbani, kabla ya kukipeleka kwenye chakula, pasha ncha ya msumari motoni, shika kwa koleo, uguse mahali pasipoonekana, kwa mfano karibu na mpini. Plastiki inayeyuka na kuvuta uzi. Silikoni haiyeyuki, inabaki na alama tu. Ukikata kipande kidogo chembamba ukakichoma, silikoni inaacha majivu meupe, kwa sababu asili yake inahusiana na mchanga. Plastiki inadondosha matone na moshi mweusi. Fanya hivyo nje, dirisha na mlango vikiwa wazi havitoshi.

Angalia na kiungo. Kama kichwa kinachomoka kwenye mpini, kichomoe kila unapoosha, maji na mafuta hujificha humo. Ikiwezekana nunua kilichomiminwa kipande kimoja.

Mpwa wangu tulimwandikia hivi: mwiko mmoja mkubwa wa ugali, wa mninga, mwiko mdogo wa mboga, kijiko cha mbao kwa ajili ya dagaa na samaki peke yake, ili uji usinuke shombo, kigeuzio kimoja cha silikoni kwa kile kikaangio chake. Basi. Bei ya silikoni moja nzuri inanunua miko kadhaa, hakuna haja ya seti nzima yenye vipande kumi na viwili.

Hatua ya 6: Kuuandaa mwiko mpya wa mbao

Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uukaushe kivulini siku nzima. Utaona mbao imesimamisha vinyweleo vidogo. Vipige kwa msasa laini hadi viishe, lowesha, kausha, rudia mara moja.

Kisha mafuta. Ya alizeti tunayo tele, na yanafaa ukipaka kidogo sana na kufuta vizuri. Ukiacha tabaka nene linakuwa la kunata na kutoa harufu ya mafuta yaliyochacha. Mimi natumia ya nazi, hayachachi haraka. Ila ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24, na Juni na Julai huku yanakuwa magumu kama mshumaa, hivyo tumbukiza chupa kwenye maji ya moto kwanza. Paka mafuta ya uvuguvugu, hasa kwenye ncha, ambako mbao inanywa zaidi. Uache usiku kucha, asubuhi ufute kwa kitambaa kikavu. Fanya hivyo siku tatu.

Ukipata nta ya nyuki ni bora zaidi. Sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za mafuta ya nazi, kwenye bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji ya moto, koroga hadi iyeyuke. Ikipoa inakuwa mafuta mazito ya kupaka, na inazuia maji vizuri. Paka tena kila unapoona mbao imepauka.

Hatua ya 7: Kuosha, na hasa kukausha

Mwiko wa mbao haulali kwenye beseni la maji. Uoshe mara tu ukimaliza kupakua, ugali ungali laini. Ukiganda, lowesha dakika chache tu, kisha kwangua kwa upande butu wa kisu. Ukinuka vitunguu, sugua kwa chumvi na kipande cha limau.

Watu wengi wanaogopa mbao kwamba inafuga vijidudu. Miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Dean Cliver, na wenzake walichunguza vibao vya kukatia wakakuta bakteria waliowekwa juu ya mbao walinyonywa ndani na idadi ya hai ikashuka, wakati plastiki iliyochanjwachanjwa na kisu ilikuwa ngumu kusafisha. Walichunguza vibao, na nguvu hiyo inategemea mbao kukauka. Hapo ndipo penye tabu yetu. Tukuyu mvua haikatiki, na hata Mbeya mjini kuanzia Desemba hadi Aprili kichanja cha vyombo cha nje hakikaushi kitu. Mwiko unaooshwa saa mbili usiku asubuhi bado una unyevu, na baada ya wiki unaona madoa meusi ya ukungu. Msimu huo ingiza miko ndani, ifute kwa kitambaa, uisimamishe ubapa ukiwa juu karibu na jiko linalopoa, si juu ya moto. Bibi zetu walikuwa wanaichomeka kwenye paa la jiko la kuni, moshi na joto vikaikausha, na walikuwa sahihi. Kiangazi usiianike juani siku nzima, itapasuka.

Silikoni haina shida ya unyevu. Shida yake ni mafuta: inashika utando wa mafuta na harufu ya viungo, na binzari inaipaka njano isiyotoka. Ichemshe dakika kumi kwenye maji yenye sabuni, suuza kwa maji ya moto. Usiikatie kitu juu yake, kisu kikiianzishia mchano unaendelea.

Hatua ya 8: Kujua umechoka

Silikoni iliyochanika, inayonata au inayomomonyoka vipande, toa jikoni siku hiyo hiyo. Mwiko wenye madoa ya juu juu upige msasa uupake mafuta, utarudi. Wenye ufa unaoingiza ukucha, au ukungu uliozama, umemaliza kazi.

Mwiko wa mbao safi uliochoka unaweza kuwashia jiko. Ila ukigundua kwamba ulikuwa unapikia mbao yenye dawa, usiuchome, hata nje kwenye takataka. Arseniki inatoka na moshi, na nyingine inabaki kwenye majivu, na majivu yetu tunasugulia sufuria, mengine tunamwaga kwenye bustani ya mchicha. Ufunge kwenye mfuko, upeleke kwenye gari la taka.